Akiba ya wanga mwilini: mwongozo kamili wa kuifuatilia saa kwa saa, usiku na mchana

Mtu anayeamka asubuhi bila kula chochote tangu jana usiku hudhani mwili wake umekauka. Haujakauka. Misuli ya mapaja yake ina wanga karibu sawasawa na ule aliopanda nao kitandani. Kilichopungua ni akiba ya ini peke yake.

Mtu huyohuyo, siku nyingine, anakimbia kilomita kumi na tano jioni, anakula kidogo, analala, na kesho yake anapata kifungua kinywa cha kushiba. Kichwa kinachangamka, lakini ngazi zinamshinda. Ini limeanza kujaa. Miguu bado inadai.

Akiba hizi mbili hazifuati saa moja. Nimewasikia watu wengi wakilalamika kuwa wanakula vizuri na bado wanachoka, na wengine wakiogopa kuruka mlo mmoja kana kwamba wataanguka. Mara nyingi chanzo ni hicho hicho: wamezihesabu akiba mbili kama moja. Hatua zinazofuata zinakufundisha kuzitenganisha, kuzikadiria kwa kalamu na karatasi, na kupanga milo na mazoezi kwa kuzitazama zote mbili.

Kabla hujaanza

Kama unatumia insulini au dawa nyingine za kisukari zinazoshusha sukari, una mimba, una ugonjwa wa ini, au ulizaliwa na tatizo la kuhifadhi au kuvunja glikojeni (wanga uliowekwa akiba mwilini), usibadilishe saa za kula wala za mazoezi kwa sababu ya maandishi haya. Peleka maswali yako kwa daktari kwanza. Kwa anayetumia dawa hizo, sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, sawa na miligramu 70 kwa desilita, ale au anywe gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, apime tena baada ya dakika 15, na arudie kama bado iko chini. Aliyepoteza fahamu asilishwe wala asinyweshwe kitu. Aitiwe msaada wa dharura mara moja.

Hatua ya 1: Andika ukubwa wa akiba zako

Wanga wa wali, mkate, viazi au tunda huishia kuwa sukari nyepesi, hasa glukosi. Ile isiyohitajika papo hapo huunganishwa punje kwa punje kuwa glikojeni, mnyororo wenye matawi mengi sana. Matawi hayo hayapo kwa urembo. Kila ncha ya tawi ni mahali pa kuchopolea glukosi, kwa hiyo mwili ukikurupushwa unaweza kuchopoa kwenye ncha nyingi kwa mpigo.

Aliyetufungulia mlango huu ni Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa. Aliliosha ini la mnyama kwa maji mpaka sukari yote ikaisha, akaliacha, na siku iliyofuata akalikuta lina sukari tena. Ikawa wazi kwamba ndani ya ini lenyewe kuna kitu kinachoizalisha. Mwaka 1857 alikitenga kitu hicho, nacho ndicho glikojeni.

Kwa mtu mzima aliyekula vizuri, ini hubeba takriban gramu 80 hadi 100. Misuli yote kwa pamoja hubeba gramu 300 hadi 500, kutegemea wingi wa misuli, chakula na mazoezi. Damu yote ya mwili ina gramu 4 au 5 tu za glukosi, kama kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho ndicho kinacholindwa usiku na mchana, maana ubongo pekee hutumia gramu 120 hivi kwa siku, yaani kama gramu 5 kila saa. Bila ini la kujazia, damu ingeishiwa ndani ya muda mfupi mno.

Sasa chukua karatasi. Kwa ini, andika 90. Kwa misuli, zidisha kilo zako kwa 5 kama hufanyi mazoezi, au kwa 6 kama unafanya mara kwa mara. Ni makadirio ya kuanzia tu, lakini yanatosha. Mwenye kilo 70 anayefanya mazoezi ataandika 90 na 420. Jumla ni gramu 510, na kila gramu ni kilokalori 4, kwa hiyo ana kilokalori 2,000 na kidogo. Linganisha na mafuta: kilo 10 za mafuta ya mwilini zina kilokalori zaidi ya 70,000. Akiba ya wanga ni ndogo, na ndiyo maana hupanda na kushuka ndani ya siku moja ilhali mafuta hayatikisiki.

Hatua ya 2: Tenganisha ghala na vibubu

Hapa usipite haraka. Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote.

Ini ni ghala la jamii. Linapovunja glikojeni yake, glukosi huingia kwenye damu na kwenda kwa yeyote anayeihitaji: ubongo, chembe nyekundu za damu, figo, misuli. Msuli hauwezi kufanya hivyo. Unakosa kimeng'enya cha mwisho, kile kinachoiondolea glukosi fungu la fosfeti ili iweze kutoka nje ya seli. Kilichohifadhiwa ndani ya msuli hutumiwa na msuli huohuo. Kila msuli, basi, una kibubu chake, na kibubu cha paja hakivunjwi kwa ajili ya bega.

Wataalamu wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walilionyesha jambo hili kwa namna inayokaa kichwani. Mwaka 1966 walieleza jaribio walilojifanyia wenyewe: waliendesha baiskeli moja kila mtu upande wake, mguu mmoja ukifanya kazi na mwingine ukipumzika, kisha wakala wanga mwingi kwa siku tatu huku wakichukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni maradufu kuliko ule uliopumzika. Mtu mmoja, damu moja, chakula kimoja, na vibubu viwili vyenye viwango tofauti kabisa.

Kuna njia moja ya mzunguko. Msuli unaofanya kazi kwa nguvu hutoa laktati, masalio ya glukosi iliyovunjwa kwa haraka, laktati hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ini, na ini huigeuza tena kuwa glukosi. Mzunguko huo umepewa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1947 kwa kazi yao juu ya glikojeni. Lakini msuli uliopumzika hautoi laktati ya kutosha kuisaidia jamii. Kwa hesabu zako za kila siku, chukulia kwamba kibubu hakikopeshi.

Gawanya karatasi yako safu mbili, moja ya ini na nyingine ya misuli. Chini ya ya pili taja misuli unayoitumia zaidi: miguu kwa mkimbiaji, mabega na mgongo kwa anayebeba mizigo au anayeogelea.

Hatua ya 3: Hesabu usiku wako

Usiku ndio muda mrefu zaidi ambao watu wengi hawali, na ini ndilo linalokesha. Kwa mtu aliyelala, ini hutoa takriban miligramu 2 za glukosi kwa kila kilo ya mwili kila dakika. Mwenye kilo 70 hupata gramu 8 na kidogo kwa saa. Si zote zinazotoka ghalani. Karibu nusu hutokana na glikojeni. Nyingine ini huitengeneza upya kutoka kwenye laktati, gliseroli ya mafuta na vipande vya protini. Sehemu hii ya pili huongezeka kadiri saa zinavyokwenda, kama mwenye nyumba anayepima unga mapema kabla gunia halijaisha.

Kwa hiyo toa gramu 4 kwa kila saa. Kumbuka tu kwamba baada ya mlo mkubwa ghala haliishii kujaa mezani. Huendelea kupanda na kufika kileleni saa 4 hadi 6 baadaye. Aliyekula saa mbili usiku anaweza kuwa na ghala lililojaa zaidi karibu na saa sita usiku, akiwa usingizini. Kuanzia hapo hadi saa moja asubuhi ni saa saba, sawa na gramu 28. Kwenye 90 zinabaki 62. Aliyekula saa kumi na moja jioni na hakuongeza kitu alifika kileleni saa tatu usiku hivi, na saa moja asubuhi ana gramu 50. Kwa wengine nusu nzima ya ghala huwa imeondoka ifikapo asubuhi, hasa kama mlo wa jioni ulikuwa mdogo au haukuwa na wanga wa kutosha.

Misuli wakati huo imelala. Kwenye safu yake usiandike mabadiliko yoyote.

Mambo mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni pombe. Ini linaposhughulika kuivunja pombe, ule utengenezaji wa glukosi mpya hukwama, na mzigo wote huangukia ghala. Anayekunywa bila kula, na hasa baada ya kutwa ya kazi nzito au ya kufunga, anaweza kushukiwa na sukari usiku au alfajiri. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu dalili zake, kupepesuka, maneno kuchanganyika, kusinzia, hufanana na ulevi, na walio karibu humwacha alale.

La pili ni umri. Mtoto mdogo ana ini dogo na ubongo mkubwa ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo ghala lake huisha mapema zaidi. Usimpangie mtoto saa za kufunga kwa kutumia hesabu ya mtu mzima.

Hatua ya 4: Soma asubuhi kwa usahihi

Wengi hushangaa: sukari ya damu asubuhi inaweza kuwa juu kidogo kuliko ya saa tisa usiku, ilhali ghala limepungua. Hakuna mgongano. Kabla ya mapambazuko homoni ya kortisoli na ile ya ukuaji hupanda, na ini huachia zaidi kuuandaa mwili kuamka. Kwa mtu mwenye afya, insulini hulisawazisha jambo hili kimyakimya. Kwa mwenye kisukari hujitokeza wazi kwenye kipimo, naye hujilaumu kwa mlo wa jana ambao haukuwa na kosa.

Funzo ni kwamba kipimo cha sukari hakikuambii chochote kuhusu akiba. Kinapima kile kijiko kilicho kwenye damu. Ghala linaweza kuwa limejaa au liko nusu, kijiko kikabaki kilekile, na hiyo ndiyo kazi ya ghala. Kuyaona maini na misuli yenyewe kunahitaji sindano ya kuchukua nyama au mashine kubwa za sumaku zinazotumiwa na watafiti. Nyumbani tunakadiria.

Sasa amua kuhusu kula. Kama asubuhi yako ni ya kukaa, au ya mazoezi mepesi chini ya saa moja, unaweza kufanya kabla ya kula bila wasiwasi: vibubu vya miguu vimejaa. Kama ni mazoezi makali au marefu, ghala lililopungua litakuangusha katikati, maana misuli inayofanya kazi huvuta glukosi ya damu pia. Hapo kula gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, saa 1 hadi 4 kabla. Njia rahisi ya kukumbuka: idadi ya gramu ifuate idadi ya saa. Ukiwa na saa moja, mwenye kilo 70 ale gramu 70. Ukiwa na saa tatu, hadi gramu 210. Ndizi moja ya wastani ina gramu 27 hivi za wanga, kipande cha mkate 12 hadi 15, na gramu 100 za wali uliopikwa zina 28.

Hatua ya 5: Fuata ngazi za mchana

Mchana, ghala hupanda kwa ngazi. Ukila, kongosho hutoa insulini, ini huacha kutoa na kuanza kupokea. Karibu robo hadi theluthi ya glukosi ya mlo huchukuliwa na ini. Nyingi ya iliyobaki huenda kwa misuli, ubongo na viungo vingine, ambavyo huitumia au kuihifadhi. Vibubu vya misuli iliyokwisha kujaa hupanda kidogo tu. Saa nne au tano baada ya mlo ini linaanza tena kutoa, lakini kabla halijashuka sana mlo mwingine unaingia. Ndiyo maana, kwa mtu anayekula mara tatu, ghala huwa kubwa zaidi mwishoni mwa siku kuliko asubuhi.

Kwenye karatasi, chora mstari unaoshuka usiku na kupanda ngazi tatu mchana. Huo ni mstari wa ini. Wa misuli uchore tambarare, na uukate pale tu ulipofanya kazi.

Aina ya wanga ina uzito wake hapa. Fruktosi, sukari ya matunda na asali na nusu ya sukari ya mezani, hushughulikiwa zaidi na ini, hivyo hujaza ghala kuliko vibubu. Wanga wa nafaka na viazi hutoa glukosi inayofika kote kuwili. Nyuzinyuzi, mafuta na protini hupunguza kasi ya mlo kuingia kwenye damu. Kwa siku ya kawaida hilo ni jema. Kwa nusu saa kabla ya mbio si jema.

Kuruka mlo mmoja hakumalizi ghala. Rudi kwenye hesabu: aliyeamka na gramu 62 akakaa bila kula hadi saa saba mchana atakuwa ametumia nyingine 24, na bado ana 38. Njaa, hasira na kichwa kuuma vinaweza kuwepo, na ni vya kweli, lakini havithibitishi kuwa ini limekauka. Ghala la mtu aliyepumzika hukaribia kuisha baada ya siku moja hadi moja na nusu bila chakula. Kufikia hapo mwili umeshahamia kwenye mafuta, na ini linatengeneza ketoni, nishati itokanayo na mafuta, ambazo ubongo nao hujifunza kuzitumia.

Hatua ya 6: Pima kazi unavyopima mfuko

Misuli ikianza kazi, kila kitu kinabadilika ghafla. Matembezi ya taratibu huendeshwa zaidi na mafuta. Ukiongeza kasi mpaka huwezi kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, wanga ndio unaobeba mzigo mkubwa. Adrenalini hupanda, vibubu hufunguliwa, na ini huongeza utoaji mara kadhaa.

Kukadiria kwa mbio ni rahisi: kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 anayekimbia kilomita 10 hutumia 700. Kwa kasi ya wastani chukulia theluthi mbili ni wanga, yaani kilokalori 465 hivi, sawa na gramu 115. Nyingi ya hizo zitoe kwenye safu ya misuli ya miguu, na gramu 15 au 20 kwenye ini.

Sasa utaona kwa nini mbio za marathoni huwashinda watu mahali palepale. Kilomita 42 kwa kilo 70 ni karibu kilokalori 2,950, na akiba yote ni 2,000 na kidogo, ambayo sehemu yake imo mabegani na mikononi isikofikika. Mafuta huchangia, lakini kwa kasi ndogo. Karibu na kilomita ya 30 miguu hugoma.

Jifunze kutofautisha kugoma kwa aina mbili. Kibubu kikiisha, akili iko sawa lakini miguu ni mizito na kasi uliyoizoea inataka jitihada mara mbili. Ghala likiisha, jasho baridi hutoka, mikono hutetemeka, macho hupata ukungu, mawazo hayashikamani. La pili linarekebika ndani ya dakika kumi au kumi na tano kwa kitu kitamu. La kwanza halirekebiki njiani. Unaweza tu kulichelewesha.

Kuchelewesha huko hufanywa hivi: kwa kazi ya saa moja hadi mbili na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kwa ndefu zaidi, hadi 90, zikichanganywa glukosi na fruktosi kwa sababu utumbo huzipitisha kwa milango tofauti. Anza mapema, ndani ya nusu saa ya kwanza, na ulifanyie mazoezi tumbo lako wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kwa kazi iliyo chini ya saa moja huhitaji kitu zaidi ya maji.

Hatua ya 7: Rudisha kilichotoka, kwa kasi inayolingana na kesho

Swali la kujiuliza baada ya mazoezi: misuli hii nitaitumia tena lini?

Kama ni baada ya saa 24 au zaidi, huna haraka. Misuli hurudisha takriban asilimia 5 ya ujazo wake kwa saa, kwa hiyo kibubu kilichokauka hujaa ndani ya saa 20 hadi 24 kama chakula kipo. Kula milo yako ya kawaida na uangalie jumla ya siku: gramu 3 hadi 5 za wanga kwa kilo kwa mazoezi mepesi, 5 hadi 7 kwa mazoezi ya saa moja kila siku, 6 hadi 10 kwa saa moja hadi tatu ngumu.

Kama utarudi ndani ya saa nane, kila dakika ina thamani. Mara tu baada ya kazi, milango ya glukosi kwenye misuli iliyochoka iko wazi hata bila insulini nyingi. Ukichelewa saa mbili, kasi hupungua. Kula gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo kila saa kwa saa nne za kwanza, kidogo kidogo badala ya sahani moja kubwa. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84 kila saa. Ukishindwa kula wanga wote huo, ongeza protini. Husaidia kuziba pengo.

Hili lina upande wa tahadhari. Misuli inapojaza vibubu vyake huendelea kunyonya glukosi ya damu kwa saa nyingi, hata hadi siku nzima. Kwa anayetumia insulini, ndio chanzo cha sukari kushuka usiku wa manane baada ya mazoezi ya jioni. Anahitaji mpango wa dozi na wa chakula cha kabla ya kulala alioupanga na daktari wake, na mtu wa nyumbani anayezijua dalili. Aelewe pia kuwa sindano ya glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, hufanya kazi kwa kuliamuru ini liachie glikojeni. Ghala likiwa tupu, haitamfaa sana.

Kwa shughuli inayozidi dakika 90, unaweza kujaza vibubu kupita kawaida: gramu 10 hadi 12 kwa kilo kwa siku, kwa saa 36 hadi 48 kabla, huku ukipumzika. Zamani watu walijinyima wanga kwanza kwa siku kadhaa. Siku hizi tunajua si lazima.

Hatua ya 8: Daftari la wiki mbili

Kila gramu ya glikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji. Gramu 400 zikiondoka zinaweza kuondoka na kilo 1.2 za maji, na mizani ikaonyesha kupungua zaidi ya kilo moja na nusu bila mafuta kuguswa. Anayepunguza wanga hufurahia wiki ya kwanza, kisha hukata tamaa uzito ukisimama. Anayerudi kula wanga huogopa anapoona kilo mbili zimerudi. Wote wawili wanatazama maji.

Mizani, hata hivyo, ni kipimo cha bure cha vibubu ukiitumia vizuri. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya kula au kunywa. Pembeni andika mambo manne: saa ya mlo wa mwisho jana, mazoezi ya jana na yalichukua muda gani, wanga wa jana kwa kukadiria, na jinsi miguu inavyohisi kwenye ngazi, kwa alama 1 hadi 5.

Baada ya siku 14 tafuta mifumo. Uzito ulioshuka kilo moja au zaidi siku moja baada ya mazoezi marefu, pamoja na alama ndogo za miguu, unaonyesha vibubu havirudi kujaa, mradi ulikunywa maji ya kutosha: ongeza wanga ndani ya saa mbili za kwanza baada ya kazi kabla hujabadilisha kitu kingine. Uzito tulivu na miguu mizuri, lakini mazoezi ya asubuhi yanakushinda baada ya dakika 40, unaonyesha ghala: chelewesha mlo wa jioni kidogo au ongeza gramu 30 za wanga saa moja kabla ya kutoka. Uzito na miguu vyote viko sawa na bado unachoka kutwa? Tatizo huenda liko kwenye usingizi, upungufu wa damu au jambo jingine linalostahili kuonwa na daktari, na kuongeza wanga hakutalitatua.

Badilisha jambo moja kwa wakati, liache wiki nzima, kisha soma daftari tena.